Mtoto Akifariki Garini: Wachunguzi Wanatafuta Nini

Hotuba hii niliitoa Houston, Texas, mwanzoni mwa kiangazi, mbele ya wazazi na wazee wa jumuiya yetu ya Waswahili. Waliokosa kufika wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipojirudia.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, habari za jioni. Ndugu zetu wa Kivu na Katanga, jambo yenu.

Mwenyekiti amenipa jambo ambalo hakuna anayependa kulisikia chakula kikiwa kinanukia pale nyuma, kwa hiyo nitaliingia moja kwa moja. Wengi mnanijua kwa harusi na misiba, lakini kazini mimi ni mchunguzi wa vifo katika ofisi ya kaunti. Mimi si polisi wala si daktari. Naitwa mahali mtu alipofia, napima, napiga picha, nauliza maswali, kisha namwandikia daktari anayefanya uchunguzi wa maiti kila nilichokikuta. Katika vifo vyote tunavyoitiwa, hakuna ambavyo watu wetu wanavielewa vibaya kama vya watoto wanaofia ndani ya magari yenye joto. Wakivielewa vibaya, wanajiumiza mara ya pili.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Yupo mtaalamu wa hali ya hewa kule San Jose, California, anaitwa Jan Null, ambaye amekusanya hesabu ya vifo hivi kwa nchi nzima ya Marekani kuanzia mwaka 1998. Kwa wastani wanakufa watoto kama 37 kila mwaka. Mwaka 2018 walikufa zaidi ya 50. Jimbo linaloongoza ni hili letu la Texas, linafuatiwa na Florida. Zaidi kidogo ya nusu ya watoto hao walisahauliwa na mzazi au mlezi. Kama robo waliingia garini wenyewe wakicheza, wakashindwa kutoka. Waliobaki, kama mmoja kati ya watano, waliachwa na mtu aliyejua kabisa kwamba yumo, akidhani anaingia dukani mara moja tu.

Hiyo "mara moja tu" imepimwa. Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na huyo Null walichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani siku mbalimbali, siku za joto kali na siku za joto la kawaida. Kwa wastani joto la ndani lilipanda nyuzi 40 kwa kipimo cha hapa Marekani, Farenhaiti, ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko, asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuteremsha vioo kidogo hakukusaidia kitu. Kwa hiyo siku ya nyuzi 90 hapa Houston, yaani 32 kwa kile kipimo tulichosoma shuleni, Selsiasi, gari lako linafika 130, yaani 54. Na hata siku ambayo wewe unavaa sweta watoto wamekufa, kwa sababu jua linapita kwenye kioo, linapasha dashibodi na viti, na joto lile halina pa kutokea. Mtoto mdogo naye mwili wake unapanda joto haraka kuliko wa mtu mzima, mara tatu hadi tano. Mwili wake ukifika nyuzi 40 za Selsiasi viungo vinaanza kushindwa kazi. Karibu na 42 hakuna tena uhai.

Nimesema hayo upesi kwa sababu yamo kwenye kila kipeperushi cha deikea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana. Lisilokuwemo kwenye kipeperushi ni kinachofuata baada ya mtoto kufa, na hicho ndicho kimenileta.

Watu wengi wanafikiri daktari akipasua maiti ataona sababu. Ataona figo, ataona moyo, atajua. Katika kifo cha joto haiko hivyo. Kuna vidoadoa vya damu vinavyoweza kuonekana kwenye mapafu na kwenye tezi ya kifuani, lakini vidoadoa hivyo hivyo vinaonekana katika vifo vingine pia. Joto haliachi alama yake peke yake. Kwa hiyo daktari anafanya kazi ya kuondoa: anapiga eksirei mifupa yote kuona kama kuna mvunjiko mpya au wa zamani, anapima damu kama kuna dawa au sumu, anatazama moyo, anatafuta maambukizi. Akishaondoa yote hayo, anageukia maelezo ya mahali. Maana yake ni kwamba chanzo cha kifo, kwa sehemu kubwa, kinatokana na daftari la mtu kama mimi. Saa ngapi alionekana mara ya mwisho akiwa hai. Saa ngapi alikutwa. Kiti kilitazama mbele au nyuma. Mkanda ulikuwa umefungwa? Amevaa nini? Gari lilielekea wapi, na kivuli kilikuwa upande gani?

Hata muda wa kufa hauhesabiki kama kawaida. Maiti ya kawaida inapoa, na kupoa kule kunatusaidia kukisia saa. Ndani ya gari la nyuzi 54 maiti haipoi, inaendelea kupata joto. Ndiyo maana joto la mwili linalopimwa hospitali, kupitia njia ya haja kubwa, tunaliandika pamoja na dakika lilipopimwa, na tunauliza kama mtoto alikwisha kumwagiwa maji au kuwekewa barafu.

Wiki kadhaa baadaye, ikija siku inayofanana na ile kwa joto na mawingu, tunarudi. Hili nataka mlione vizuri. Tunaegesha gari lile lile, na likishindikana basi la aina ile ile na rangi ile ile, katika nafasi ile ile, saa ile ile. Kiti cha mtoto kinafungwa kama kilivyokutwa. Kipimo kimoja kinaning'inizwa pale kichwa cha mtoto kilipokuwa, kingine sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, kingine nje kivulini. Kisha milango inafungwa na sisi tunakaa kwenye gari jingine, kiyoyozi kinanguruma, tunatazama namba zinavyopanda. Hatuzungumzi sana. Mwisho tunafungua mlango, na mara nyingi kile chuma cha mkanda hakishikiki kwa mkono mtupu. Namba zile zinalinganishwa na rekodi za hali ya hewa za siku ya tukio, na zinalinganishwa na maelezo ya mzazi.

Hapo ndipo watu wetu wanapoanguka. Mtoto amekufa, nyumba imejaa vilio, na mjomba mmoja mwenye sauti kubwa anamvuta baba pembeni anamwambia: "Sema alikaa dakika kumi tu. Ukisema saa tatu watakufunga." Ushauri huo unatolewa kwa upendo, na ni mbaya kuliko ushauri wowote ninaoujua. Mtoto aliyefikishwa hospitali na joto la nyuzi 42 hakukaa dakika kumi. Vipimo vya gari vinasema. Kamera ya duka la jirani inasema. Simu yako inajua ulikuwa wapi, na magari ya siku hizi yana kompyuta inayoandika mlango ulifunguliwa saa ngapi na injini ilizimwa saa ngapi. Ile ajali ambayo ingeweza kueleweka kama ajali sasa ina uongo ndani yake, na mwendesha mashtaka akikuta uongo anajiuliza, uongo wa nini?

Kuna uongo wa aina ya pili, ambao nauelewa zaidi lakini sitaupamba. Mtoto alikuwa kwa binti fulani, ndugu wa mtu, anayelea watoto sita sebuleni bila leseni, na karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika. Msiba unapotokea kila mtu anafunga mdomo kumlinda. Jina lake linafutwa. Sasa katika maelezo kuna shimo la saa nne ambalo hakuna anayejua mtoto alikuwa na nani. Shimo hilo mpelelezi hatalijaza kwa jina la yule binti asiyemjua. Atalijaza kwa jina la mama.

Mtaniuliza, kwa hiyo tuseme kila kitu polisi wakiuliza? Sikusema hivyo. Nchi hii inakupa haki ya kunyamaza mpaka upate wakili, na haki hiyo ni yako hata kama huna uraia. Kunyamaza ukingoja wakili ni jambo moja, kutunga hadithi ni jingine kabisa. Na msikubali mtoto wenu wa darasa la sita awe mkalimani. Ombeni mkalimani rasmi, na mkiletewa wa kwenye simu anayezungumza Kiswahili ambacho bibi yenu wa Uvira hakielewi, semeni hapo hapo kwamba hamwelewani. Maelezo yaliyochukuliwa bila kuelewana yatasomwa mahakamani mwaka mzima baadaye kana kwamba ni maneno yenu.

Idara ya ulinzi wa watoto nayo itakuja, wale mnaowaita CPS. Wana faili lao, tofauti na la polisi na tofauti na letu. Watatazama watoto wengine waliobaki nyumbani. Msiwafungie mlango kwa hasira, ila hata hapo mwakilishwe.

Kuhusu mazishi. Najua kwetu Waislamu tunataka kuzika siku ile ile, na Wakristo wetu wanataka mwili ulale nyumbani usiku mmoja. Kifo cha ghafla cha mtoto, hapa Texas, lazima kichunguzwe. Katika kaunti kubwa kuna ofisi yenye madaktari wake, na katika kaunti ndogo za mashambani ni hakimu wa amani anayeamua. Pingamizi la familia halitoshi kuzuia upasuaji. Kinachosaidia ni kupiga simu mapema. Imamu au mchungaji awasiliane na ofisi asubuhi ile ile, aseme mila inataka nini, aombe mwili upewe nafasi ya mwanzo. Mara nyingi inawezekana kuupata ndani ya siku moja au mbili. Kupiga kelele kwenye lango hakujawahi kuharakisha kitu.

Sasa swali kubwa: alimsahau kweli, au alikusudia? Yupo profesa wa Chuo Kikuu cha South Florida, David Diamond, aliyeitwa mahakamani mara nyingi kuhusu swali hili. Anaeleza kwamba ubongo una kumbukumbu ya mazoea na una kumbukumbu ya mpango. Ya mazoea inakupeleka kazini bila kufikiri, kama dereva wa daladala wa Mbagala ambaye unaweza kumwamsha usingizini akakupeleka mwisho wa njia. Ya mpango ndiyo inayopaswa kukukatiza: leo pita deikea kwanza. Ukiwa umechoka, hujalala, una mawazo, na leo zamu ya kumpeleka mtoto ni yako badala ya mwenzio, ya mazoea inaishinda ya mpango. Mtoto naye amelala, yuko nyuma, kiti kimegeuzwa, humsikii wala humwoni. Tuliwapeleka watoto kiti cha nyuma miaka ya tisini kwa sababu mifuko ya hewa ya mbele ilikuwa inawaua. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ulimweka mtoto mahali ambapo jicho la dereva halifiki.

Ubaya wa yote ni kwamba ubongo unaweza kukudanganya. Mzazi anakaa kazini mchana kutwa akiamini mtoto yuko deikea. Wapo waliomtumia mwenzi ujumbe wa kuuliza nani atamchukua jioni. Wapo walioendesha gari hadi deikea saa kumi na moja kwenda kumchukua, na mtoto yuko nyuma yao. Mpelelezi mzuri anaandika mambo hayo yote, kwa sababu mtu anayejua kwamba mtoto wake amekufa haendi kumdai kwa mwalimu. Pia anatafuta upande wa pili: kama mtu alirudi garini mchana, aliongea na nani, kama kuna ugomvi ndani ya nyumba. Hiyo ni kazi yake, msimchukie kwa hilo.

Sheria baada ya hapo haina mstari mmoja. Texas kumwacha mtoto wa chini ya miaka saba garini kwa zaidi ya dakika tano bila mtu wa miaka 14 au zaidi, kwa kujua, ni kosa hata kama hajadhurika. Lakini mtoto aliyesahauliwa akifa, kaunti moja itaiita ajali na kumwacha mzazi azike, na kaunti ya jirani itamfungulia mashtaka ya kuua kwa uzembe. Shirika la habari la Associated Press lilipopitia vifo vya miaka kumi, mwaka 2007, lilikuta takriban nusu ndiyo iliyofikishwa mahakamani. Nusu! Watu walewale, kosa lilelile. Mimi nasema wazi kwamba hilo si haki, na mtu wa rangi yetu na lafudhi yetu hapaswi kulichezea kama bahati nasibu.

Nitawapa mifano miwili. Mwaka 2008, Fairfax, Virginia, baba mmoja alimsahau mtoto wa kiume aliyekuwa amemwasili kutoka Urusi miezi michache kabla. Alikaa kazini siku nzima. Mwisho wa mwaka jaji alimwachia huru, akaona hakuna uhalifu. Kule Urusi hasira haikuisha. Desemba 2012, serikali ya Moscow ilipotaka kulipiza vikwazo vya Marekani, ilipitisha sheria ya kuwazuia Wamarekani kuasili watoto wa Kirusi, na watu wakaiita kwa jina la mtoto yule, sheria ya Dima Yakovlev. Mtoto mmoja, maegesho ya ofisi moja, na mayatima wengine wengi waliokuwa wakingojea wazazi wakafungiwa mlango.

Wa pili ni Georgia, kaunti ya Cobb, Juni 2014. Mtoto wa miezi 22 alikaa garini kwa muda wa saa saba. Upande wa mashtaka ulisema baba alikusudia, ukaleta mbele ya baraza la mahakama ujumbe mwingi wa mapenzi aliokuwa akiwaandikia wanawake. Mwaka 2016 akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu ya mauaji, majaji sita kwa watatu, ikisema ushahidi ule wa tabia zake ulimchafua kuliko ulivyothibitisha nia yake. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakaamua kutomshtaki tena kwa mauaji. Alikusudia nini moyoni siku ile? Mimi sina cha kuongeza. Lakini ona jinsi mtu mwenye tabia mbaya anavyoweza kufungwa maisha kwa tabia, wakati swali lilikuwa la mtoto. Na sisi katika vikundi vyetu vya WhatsApp tunafanya vivyo hivyo kabla ya maiti kutoka ofisini: "Yule mama nilimwona kwenye sherehe." Sherehe inahusiana vipi na kivuli cha saa sita?

Mabasi ya shule yana mambo yake, na nayataja kwa ajili ya ndugu zetu walioko Doha na Dubai, na waliobaki nyumbani wanaopandisha watoto kwenye Hiace za shule alfajiri. Septemba 2022, katika mwezi huo huo mmoja, mtoto wa miaka minne alikufa ndani ya basi la shule Al Wakrah, Qatar, na wa miaka mitatu katika basi la chekechea Makinohara, Japani. Kule Makinohara chupa yake ya maji ilikutwa tupu. Uchunguzi wa basi hauendi kwenye ubongo wa mzazi, unakwenda kwenye karatasi: nani aliita majina wakati wa kushuka, nani alitembea hadi kiti cha mwisho, nani alimwekea mtoto alama ya kuhudhuria bila kumwona. Kule Makinohara mwalimu wa darasa aliona kiti kitupu na hakupiga simu nyumbani. Kuanzia Aprili 2023 Japani imelazimisha mabasi hayo yawe na kifaa cha kuzuia mtoto asisahaulike, kama king'ora ambacho hakizimiki mpaka dereva atembee hadi nyuma. Hapa Marekani Bunge lilipitisha mwaka 2021 kwamba magari mapya yawe na kengele ya kukumbusha kiti cha nyuma, wakaipa wizara ya uchukuzi miaka miwili kuandika kanuni. Miaka miwili ikapita, kanuni haikutoka. Msiingojee.

Baada ya hapo nilifungua nafasi ya maswali. Mama mmoja aliuliza, ukiona mtoto wa mtu amefungiwa garini dukani, uvunje kioo? Piga 911, namba ya dharura ya hapa, kwanza, simu ikiwa wazi waeleze unachokiona. Kama mtoto amelegea au haamki, usingoje. Vunja kioo kilicho mbali naye, mtoe, mpeleke kivulini, mwagie maji ya kawaida mwili mzima. Ukimaliza, mfuko na viatu na kiti viache vilivyo.

Mzee mmoja akauliza kuhusu yule binti wa sebuleni, mbona nimemsakama. Sijamsakama. Yeye ndiye anayeweza kuokoa kuliko kengele yoyote. Mpeni kazi moja: ikifika saa tatu asubuhi na mtoto hajaletwa, apige simu, isipopokelewa ampigie mzazi wa pili, isipopokelewa apige kazini. Asione aibu kwamba anasumbua. Deikea nyingi zenye leseni hazifanyi hivyo msipowaomba, kwa hiyo nao waombeni kwa maandishi.

La mwisho lilitoka kwa kijana mmoja, baba wa watoto watatu: mtoto akipotea nyumbani mchana, tuanze kutafuta wapi? Watu hukimbilia mtaani na kwa majirani. Anzeni na maji, kama mna bwawa au beseni lenye maji, kisha magari yote yaliyoko uani, hata lile bovu lisilowaka, na kwenye kila gari fungueni na buti.